Jikoni na Anti: Mayai ya asubuhi yasiyokulaza kazini

Mwangaluka wasomaji wangu. Meseji za mayai zimekuwa nyingi mno kwahiyo safari hii nimeamua ukurasa wote uwe wa mayai, na swali la kwanza nimelijibu kirefu kwasababu wengi mmeuliza hilohilo kwa maneno tofauti.

Shikamoo anti. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Buhongwa, natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nakunywa chai ya rangi na maandazi mawili, ikifika saa nne tumbo linanguruma darasani mpaka naona aibu. Nikahamia kwenye chipsi yai muda wa mapumziko, nashiba kweli lakini mpaka saa sita macho mazito nasinzia. Nataka kitu cha mayai chenye protini ya kutosha ila chepesi, cha haraka na mafuta kidogo. Nina kamtungi kadogo ka gesi na kikaangio changu ni cha alumini, kinagandisha vibaya. (Mwalimu, Buhongwa)

Marahaba mwanangu, na pole, kusimama mbele ya watoto na njaa sio jambo dogo. Tuanze na hicho unachokula. Andazi ni ngano, sukari na mafuta, chai ya rangi ni maji na sukari, kwahiyo asubuhi nzima umekula wanga na sukari, protini hapo ni ya kuokoteza. Chakula cha hivyo kinameng'enywa haraka, ndo maana saa nne tumbo linadai. Protini inashibisha kwa muda mrefu zaidi na huo ndo msaada wa yai.

Sasa chipsi yai. Yai linasingiziwa bure jamani! Yai moja la kisasa la ukubwa wa kawaida lina protini kama gramu 6 na kalori 70 hivi. Kijiko kimoja tu cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na hakina protini hata chembe. Zile chipsi zimeshazama kwenye mafuta, alafu zinamwagiwa mayai kwenye kikaangio chenye mafuta mengine, unakula sahani nzima saa nne na jua la Mwanza lile, lazima usinzie. Aliyekulaza ni mafuta na ule mlima wa viazi, yai lilikuwa abiria tu.

Mi nakushauri mayai ya mboga yanayoivia kwenye mvuke wa mfuniko. Chukua mayai mazima 2 na ute wa mayai mengine 2. Hapo unapata protini karibu gramu 19, maana ute wa yai moja una gramu 3 na nusu hivi na kalori 17 tu. Viini viwili vilivyobaki usimwage, tia kwenye kikombe, funika, na kama una watoto nyumbani wachanganyie kwenye mayai yao asubuhi hiyohiyo. Kama unaishi peke yako basi usihangaike kutenganisha, pika mayai matatu mazima, tofauti ni ndogo na hakuna kinachotupwa. Huu mtindo wa kumwaga viini kila siku kisa mtu kaona picha ya mtu wa mazoezi kwenye simu mi sikubaliani nao kabisa, kutupa chakula kunauma.

Mboga weka mchicha kiganja kimoja uliokatwa mwembamba, kitunguu nusu, nyanya moja na kipande cha hoho. Nyanya ikate katikati, zile mbegu na maji yake kwangua weka pembeni, hii ni hatua watu wanairuka alafu wanalalamika mayai yao yanatoa maji. Maji yanatoka kwenye nyanya na mchicha, sio kwenye yai.

Kuhusu kikaangio cha alumini. Kiweke kwenye moto kikiwa kikavu kabisa, kiache kipate moto mpaka ukidondoshea tone la maji linarukaruka, ndo uweke mafuta, nusu kijiko cha chai tu, zungusha yapake chini. Wengi wanaweka mafuta kwenye chuma cha baridi alafu vyote vinapashika pamoja, hapo lazima igande. Kaanga kitunguu kikilainika weka hoho, mchicha, mwisho nyanya, chumvi kidogo, acha mpaka maji yakauke usikie sauti imebadilika inachachatika. Toa mboga kwenye bakuli zipoe kidogo. Futa kikaangio kwa kitambaa kisafi, kirudishe motoni, nusu kijiko kingine cha mafuta. Mayai uwe umeshayapiga na kijiko kimoja cha chakula cha maji na pilipili manga, changanya na zile mboga, mimina.

Hapo punguza moto mpaka mwisho. Usiyakoroge kama unasonga ugali. Subiri pembeni zianze kushika, sukuma ile pembe iliyoiva iende katikati, ute mbichi utiririke kuchukua nafasi yake, fanya hivyo kuzunguka kikaangio chote mara mbili tatu, alafu funika. Mfuniko ndo unaomalizia juu bila wewe kugeuza na bila kuongeza mafuta. Dakika mbili, ukifunua juu pasiwe na ute unaocheza, zima. Yatakuwa laini, manene kidogo, yana rangi ya njano safi bila ule ukahawia wa kuungua. Ute unaanza kushika kwenye nyuzi 62 hivi, yai halihitaji moto wa kuchomea mishikaki, ukiliwashia moto mkali protini zinajikaza zinakamua maji nje ndo unakuta yai gumu linatafunika kama raba.

Wa jiko la mkaa nanyi nisikilizeni, moto wenu hauna kitufe, kwahiyo mkishamaliza mboga funikeni makaa na majivu, acheni machache tu yanaonekana, ndo mmimine mayai.

Ukijumlisha hapo mwalimu ni kama kalori 250 na protini ya kutosha. Kula na kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha au michembe (viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa) iliyochemshwa jana yake, na kipande cha parachichi ukipenda, maana mayai peke yake bila wanga kidogo pia hayatakufikisha mbali. Chai kunywa, punguza sukari tu.

Anti habari, mimi napenda mayai na dagaa lakini kila nikichanganya yanakuwa na mchanga, yana uchungu, na nyumba nzima inanuka mpaka jirani anauliza. Naishi Pasiansi, dagaa nanunua Kirumba. Je inawezekana kweli au niache? (Mama wawili, Pasiansi)

Usiache dada! Tafadhali usiache. Hapa ziwani tuna kitu ambacho watu wa mikoa mingine wanakisubiri kwenye magari. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na unamla mzima na mifupa yake kwahiyo kalisiamu unaipata humohumo. Ukitia dagaa kiganja kimoja kwenye mayai mawili huna haja hata ya kuongeza ute, protini imeshatosha.

Tatizo lako linaanzia sokoni. Mchanga unatokana na dagaa kuanikwa chini mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, juu ya mchanga wenyewe. Wapo wanaoanika kwenye vichanja vya nyavu, hao dagaa wao ni wasafi, bei ipo juu kidogo lakini utaokoa maji na hasira. Ukifika pale Kirumba mwaloni usinunue kwa macho tu, chota kiganja, sugua kidogo alafu angalia mkononi kimebaki nini. Mzuri anang'aa rangi ya fedha, tumbo halijapasuka, ukimvunja anakatika kwa sauti. Ukiona wamekuwa na unjano wa kutu na harufu inakukaba kooni, hao mafuta yake yameshaharibika, hakuna limao litakalowaokoa. Na kumbuka dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa uvuvi unapungua, kwahiyo ukiona bei imepanda wakati wa mbalamwezi usigombane na muuzaji, nunua wa kutosha giza likirudi.

Uchungu unatoka kichwani na tumboni. Vunja kichwa, na utumbo mweusi unatoka nacho ukivuta taratibu. Inachosha, kweli, ila fanya mara moja wa wiki nzima ukiwa unapiga stori. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu, na hapa ndo siri yenyewe, usimwage maji na dagaa wakiwa ndani, waelee kidogo alafu watoe kwa kiganja, mchanga unabaki chini ya beseni. Rudia mpaka chini pawe peupe. Waanike wakauke, alafu wakaange bila mafuta kwenye kikaangio, moto mdogo, wakigeuka rangi wakaanza kunukia kama karanga za kukaanga toa. Hiyo harufu ya kusumbua jirani inatokana na dagaa mwenye unyevu anayekutana na mafuta ya moto, akishakuwa mkavu hivi haisumbui. Weka kwenye kopo lenye mfuniko.

Asubuhi unachukua kiganja, unawafikicha kwa mikono, unachanganya na kitunguu, nyanya, tangawizi kidogo ya kusaga na pilipili mbuzi kama watoto hawali sahani hiyo, unamimina mayai, unapika kama nilivyomwelekeza mwalimu hapo juu. Chumvi onja kwanza. Ndimu kamulia mwisho sahani ikiwa mezani, usiipike.

Mambo vipi anti, niko gym Nyakato, kochi ametuambia tunywe mayai mabichi matano kila asubuhi ndo misuli inakuja haraka. Mi nanywa ila natapika karibu. Kuna njia nyingine? (Kijana wa mazoezi)

Poa mwanangu. Acha kuanzia kesho. Yai bichi mwili unalitumia vibaya, kuna utafiti ulifanyika Ubelgiji ukachapishwa 1998, waliopewa yai lililoiva mwili ulichukua protini kama asilimia 90, waliopewa bichi ilikuwa asilimia 50 hivi tu. Yaani unameza matano, kichefuchefu juu, alafu mwili unafaidi kama umekula matatu yaliyopikwa. Juu ya hapo ute mbichi una kitu kinaitwa avidini kinachokamata vitamini ya biotini usiipate, moto ndo unakiharibu. Na kuna bakteria wa salmonela, anaweza kuwa nje kwenye ganda au ndani, ukimpata utaharisha na homa juu wiki nzima, sijui hiyo misuli itakujaje.

Chemsha. Maji yakishachemka ingiza mayai kwa kijiko, dakika 9 au 10, toa tumbukiza kwenye maji ya baridi. Ukizidisha utaona kiini kimezungukwa na rangi ya kijani, hiyo ni madini ya chuma ya kwenye kiini yamekutana na salfa ya ute, haidhuru ila ladha inapungua. Kula matatu na kachumbari na pilipili kama ya wale vijana wanaotembeza, ongeza maharage mchana. Kochi mwambie kwa heshima, inawezekana naye aliambiwa hivyohivyo.

Hujambo mwanangu. Mimi ni mstaafu, naishi Bwiru. Tangu nipimwe nikaambiwa kolesteroli imepanda kidogo, mama watoto ananipa ute mtupu wa yai, hauna ladha, na mimi mayai nayapenda. Je kiini ni sumu? (Mstaafu, Bwiru)

Shikamoo baba. Kiini sio sumu. Humo ndo kuna vitamini A, D, B12 na kirutubisho kinaitwa kolini, ute hauna vitu hivyo kwa kiasi cha maana. Ni kweli kolesteroli yote ya yai imekaa kwenye kiini, kama miligramu 186 kwa yai. Zamani Wamarekani walikuwa wanaweka kikomo cha miligramu 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, kwenye mwongozo wao wa 2015 hadi 2020 hiyo namba wakaiondoa, kwasababu kwa watu wengi kinachopandisha kolesteroli ya damu zaidi ni mafuta yanayoganda, siagi, mafuta ya nyama, vitu vya namna hiyo, kuliko yai lenyewe. Hawakusema mtu ale trei nzima, na kila mwili una mambo yake.

Kwahiyo baba ningeshauri yai moja zima na ute wa mawili, na mchicha mwingi, kwa nusu kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti. Kiini kimoja kinatosha kurudisha ladha yote. Ila ukienda kliniki muulize daktari wako kwa wiki viini vingapi, hasa kama na sukari ipo, akikupa namba fuata yake sio yangu. Na mama asilaumiwe, anakupenda.

Dada anti, nina ujauzito wa miezi mitano, niko Sengerema kwa wakwe. Mama mkwe amenikataza mayai, anasema mtoto atazaliwa hana nywele. Nesi kliniki anasema nile. Nimsikilize nani bila kuleta ugomvi? (Mama kijacho)

Mdogo wangu, hongera. Nesi yuko sahihi, nywele za mtoto hazina uhusiano wowote na mayai. Mtoto anajengwa saivi, anahitaji protini, na ile kolini ya kwenye kiini inasaidia ubongo wake. Kitu pekee cha kuzingatia ni yaive kabisa, kiini kisiwe kinatiririka, kwasababu mama mjamzito akipata salmonela anaumwa vibaya.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye jikoni kwake na wala usile kwa kujificha, akikukuta itakuwa kesi kubwa kuliko yai. Kliniki ijayo mwombe akusindikize, sema unapenda awepo. Ukifika mwambie nesi mapema alizungumzie suala la chakula mbele yenu wote wawili, swali aulize nesi, sio wewe. Wazee wetu wengi wakiambiwa na mtaalamu kwa heshima wanaelewa, tena atakuwa wa kwanza kukutafutia mayai ya kienyeji. Yale ni madogo kwahiyo protini ni gramu 5 hivi kwa yai, kula mawili.

Anti nitajuaje yai bovu kabla sijalipasulia kwenye mayai mengine mazuri? (Igoma)

Bakuli la maji ya baridi. Likizama likalala ni jipya, likizama likasimama wima ni la siku nyingi kidogo, kalichemshe au kalikaange leo, likielea acha. Yai likikaa maji yake yanapungua kupitia vitundu vya ganda na hewa inaingia upande ule butu, ndo linakuwa jepesi. Na hata kama limezama, pasua kila yai kwenye kikombe chake kwanza ndo umimine kwenye bakuli kubwa.

Naweza kupika haya mayai ya mboga usiku nikabeba asubuhi? Nafanya kazi za zamu kiwandani Ilemela, asubuhi sina muda hata wa kunawa. (Dada wa zamu)

Kama una friji ndio, yakipoa tu yaingize kwenye chombo chenye mfuniko, asubuhi pasha mpaka yatoe mvuke. Kama huna friji usithubutu, joto letu la hapa yakilala nje usiku kucha hayafai. Fanya hivi, usiku kata mboga zote, funika bila kuzipika, asubuhi zikaange mpaka zikauke maji, mimina mayai juu yake humohumo kwenye kikaangio, funika, wakati yanaiva we unavaa. Au chemsha mayai asubuhi hiyohiyo wakati unaoga, yabebe na maganda yake na chumvi kwenye kakaratasi, utamenya ukifika.